UZI: La Haine na vitongoji vya Paris: tunaiita filamu ya magenge kwa haki gani?

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimefuatilia mijadala ya filamu humu jukwaani kwa muda, na naona kila inapotajwa filamu ya Kifaransa kuhusu vijana wa vitongoji maskini, wachangiaji wengi huitia moja kwa moja katika kapu la filamu za magenge. Iliyopata hasara kubwa zaidi kwa kutazamwa hivyo ni La Haine (yaani Chuki) ya mwongozaji Mathieu Kassovitz, iliyotoka mwaka 1995. Naomba tuijadili kwa utulivu. Hoja yangu ni kwamba filamu hii inahusu siku ya vijana wasio na kazi, wasio na fedha na wasio na pa kwenda, na kwamba ghasia zilizomo ndani yake zina maana kwa yule tu aliyekubali kukaa nao katika utupu wa siku hiyo. Nitaieleza mpaka mwisho wake. Asiyetaka kuujua mwisho kabla ya kuitazama aishie hapa.

Kisa ni chepesi kukisimulia. Katika mtaa wa maghorofa ya kupanga nje ya Paris, kijana aitwaye Abdel amepigwa na polisi akiwa mahabusu na sasa yuko hospitalini, hajitambui. Usiku mzima vijana wamepambana na polisi, na katika vurugu hizo askari mmoja amepoteza bastola yake. Asubuhi tunakutana na marafiki watatu: Vinz, Myahudi, ambaye ndiye aliyeiokota bastola hiyo na anaapa kumuua askari iwapo Abdel atafariki, Hubert, Mwafrika, mwanamasumbwi ambaye ukumbi wake wa mazoezi umeteketezwa katika ghasia hizo hizo, na Saïd, mwenye asili ya Afrika Kaskazini, anayesema sana na kukaa katikati ya wenzake wawili. Vinz amechezwa na Vincent Cassel, Hubert na Hubert Koundé, Saïd na Saïd Taghmaoui. Tunakuwa nao kwa saa zisizozidi 20, na saa huandikwa kwenye skrini kila mara, kuanzia saa 10:38 asubuhi hadi saa 06:01 alfajiri ya siku inayofuata, kwa hesabu ya saa ya Wazungu.

Sasa angalieni jinsi saa hizo zinavyotumika. Vijana wanachoma soseji juu ya paa la ghorofa mpaka wanapokuja kuondolewa. Kijana mdogo anawasimulia kisa kirefu cha kipindi cha televisheni, kisa kisichofika popote, na wao wanasikiliza kwa sababu hakuna kingine cha kusikiliza. Watu wananyoana nywele. Wanakaa kwenye uwanja wa michezo ya watoto, miili yao mikubwa kwenye vifaa vya watoto, na wanabishana juu ya mambo ambayo hayatawasaidia chochote. Kila mmoja wetu amewaona vijana wa kijiweni na anajua siku ya namna hiyo inavyokwenda. Kassovitz anaiacha iende kwa mwendo wake, na kila saa inapoandikwa tena kwenye skrini unatambua kuwa hakuna kilichotokea tangu ile iliyotangulia, isipokuwa kwamba bastola bado imo kiunoni mwa Vinz. Hapo ndipo penye ufundi wake. Hofu inajengwa na kusubiri.

Kuna sehemu moja ambayo naomba kila atakayeitazama aizingatie. Waandishi wa televisheni wanafika na gari, wanasimama barabarani juu ya pale walipokaa vijana hao, na bila kushuka wanawauliza kama walishiriki katika ghasia, kama wamechoma magari. Vijana wanakasirika na gari linaondoka. Hubert anawaambia kuwa hapa si Thoiry. Thoiry ni hifadhi ya wanyama isiyo mbali na hapo, ambayo watalii huizunguka wakiwa ndani ya magari yao. Katika sentensi moja fupi ameeleza namna nchi nzima inavyowatazama watu wa mitaa ile, yaani kupitia dirisha la gari na injini ikiwa inanguruma.

Filamu ilipigwa Chanteloup-les-Vignes, kaskazini-magharibi mwa Paris, katika mtaa wa la Noé. Mamlaka za maeneo mengine hazikuwa tayari kuipokea kazi ya namna hiyo. Waigizaji na watengenezaji walihamia hapo mapema na kuishi na wenyeji kabla ya kuanza kupiga picha, na wenyeji wenyewe wanaonekana katika filamu. Kwenye kuta za maghorofa utaona picha kubwa za washairi wa Kifaransa, Baudelaire na Rimbaud miongoni mwao. Hazikuchorwa kwa ajili ya filamu, zilikuwapo. Waliojenga mtaa ule walikuwa na matumaini makubwa nao.

Na matumaini hayo hayakuwa ya uongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Ufaransa ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba, na viwanda vilihitaji wafanyakazi, wengi wao wakitoka Algeria, Moroko, Ureno na baadaye nchi za Afrika Magharibi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970 serikali ilijenga maghorofa makubwa nje ya miji, yenye maji ya moto na mfumo wa kupasha nyumba joto, na familia zilizotoka katika vibanda zilishukuru. Miaka ya 1970 uchumi ukayumba na viwanda vikaanza kufungwa. Waliokuwa na uwezo wakahama, na waliobaki wakabaki na watoto waliozaliwa na kusoma Ufaransa lakini wasiopata kazi wala kuonekana kuwa Wafaransa kamili. Mwaka 1981 magari yalichomwa Les Minguettes, karibu na Lyon. Mwaka 1983 vijana waliandamana kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris wakidai usawa. Mwaka 1990 mtaa wa Vaulx-en-Velin uliwaka moto baada ya kijana aliyekuwa kwenye pikipiki kufariki katika tukio lililohusisha gari la polisi. Kwa hiyo Kassovitz hakubuni jambo. Alikuta historia ya zaidi ya miaka 10 ikiwa mezani.

Naomba michango yenu, hasa ya wale mnaopingana nami.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uchambuzi, lakini nina pingamizi. Mimi niliitazama nikiwa na wadogo zangu wawili, na walichoondoka nacho ni bastola ya Vinz na namna alivyokuwa akijitazama katika kioo cha bafuni huku akimtisha adui asiyekuwapo. Mwongozaji anaweza kuwa na nia njema kiasi gani, lakini kijana wa miaka 15 haoni historia ya viwanda. Anaona kijana mwenzake mwenye silaha na sura ya ushujaa. Zaidi ya hapo, polisi katika filamu hii wanaonyeshwa kama wakatili watupu. Je, hiyo ni haki? Je, si kuwachochea vijana waione dola kuwa adui wao?

Mleta mada

Ndugu yangu, pingamizi lako ni zito na sitalipita juu juu.

Kuhusu kioo, ni kweli Vinz anavutia pale. Lakini mfuatilie mpaka usiku. Wanakutana na kundi la vijana wenye vichwa vilivyonyolewa, wabaguzi, na Vinz anamshika mmoja wao, anamwekea bastola usoni. (Kijana huyo amechezwa na Kassovitz mwenyewe.) Hubert anamhimiza afyatue. Anamwambia kuwa huyu ndiye mbaya, huyu anastahili kufa, basi fanya ulichoapa tangu asubuhi. Vinz hawezi. Mkono unatetemeka, uso unabadilika, na yule kijana aliyetisha bafuni anaonekana kuwa mtoto mwenye hofu. Hubert alijua kuwa hataweza, na ndiyo maana alimsukuma. Sijaona filamu nyingi zinazoivua silaha ushujaa wake kwa uwazi wa namna hiyo. Kama wadogo zako walibaki na kile kioo tu, ningewaketisha tena na kuwauliza walichokiona katika sehemu hii.

Kuhusu polisi, filamu ina zaidi ya aina moja. Yupo Samir, askari mwenye asili ya Kiarabu, anayewafahamu vijana wa mtaa na anayehangaika kumtoa Saïd mikononi mwa wenzake baada ya kukamatwa hospitalini. Wapo pia askari kanzu wa Paris wanaowafunga Saïd na Hubert kwenye viti na kuwadhalilisha, mmoja akimfundisha askari mpya jinsi ya kuumiza bila kuvuka mpaka. Kamera inarudi mara kadhaa kwa yule askari mpya. Hasemi neno, anatazama pembeni, anatikisa kichwa. Mwongozaji angetaka kuwachora wote kuwa wakatili watupu asingempa nafasi kijana huyo. Alichotaka tuone ni kwamba mtu mwenye dhamiri yumo ndani ya chumba kile na dhamiri yake haimsaidii yeyote, kwa sababu ndiye mwenye cheo cha chini kuliko wote.

Siwezi hata hivyo kusema kuwa polisi wenyewe walilipokea jambo hili kwa utulivu. Katika tamasha la Cannes mwaka 1995, ambako Kassovitz alipata tuzo ya mwongozaji bora akiwa na umri wa miaka 27, iliripotiwa kuwa askari waliokuwa zamu waliwageuzia mgongo watengenezaji wa filamu. Kwa upande mwingine, Waziri Mkuu wa wakati huo, Alain Juppé, aliandaa onyesho maalumu ili mawaziri wake waitazame. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya César ya filamu bora.

Mchangiaji wa pili

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na naishi katika mojawapo ya vitongoji vya kaskazini mwa Paris, kwa hiyo uzi huu umenigusa. Kaka mleta mada umeeleza historia vizuri, lakini umeacha jambo ambalo kwetu sisi Wakongomani ndilo la kwanza. Filamu hii ilianzia kwa kifo cha mtoto wetu. Tarehe 6 Aprili 1993, Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 aliyetoka Zaire, aliuawa kwa risasi ya kichwa ndani ya kituo cha polisi katika wilaya ya 18 ya Paris. Alikuwa mahabusu, na aliyemuua ni inspekta aliyekuwa akimhoji. Inspekta huyo alihukumiwa miaka 8 jela mwaka 1996. Kassovitz amesema alianza kuandika baada ya kusikia habari hiyo, akijiuliza mtu anawezaje kuamka asubuhi akiwa mzima na jioni awe amekufa kwa namna ile. Ukilijua hilo, zile saa zinazoandikwa kwenye skrini zinasomeka vingine kabisa: ni siku ya mwisho ya mtu, nasi ndio tunaihesabu kwa niaba yake.

La pili ni lawama. Tuko wapi sisi wanawake? Katika filamu nzima tunaonekana jikoni, au kwenye mlango, au kama dada wa fulani anayekatazwa kukaa nje. Mama yake Hubert yuko nyumbani na mwanawe anamkabidhi fedha, na hapo ndipo anapoishia. Katika majengo haya ninayoishi, mama ndiye anayekwenda kituoni kumuulizia mtoto aliyekamatwa, ndiye anayesimama mbele ya mwalimu, ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha ofisi za Paris kabla wenye ofisi hawajafika. Treni ya kwanza ya asubuhi imejaa wanawake. Mtu akitaka kueleza kwa nini vijana wanakaa uwanjani mchana kutwa bila mtu mzima wa kuwasimamia, angeanza na saa ya kuondoka ya treni hiyo.

Mleta mada

Dada, ahsante sana. Nilimwacha Makomé nikidhani nitamfikia baadaye, lakini umemweka mahali panapomstahili, na maelezo yako kuhusu saa ni bora kuliko yangu.

Kuhusu wanawake sina utetezi, na nafikiri hilo ndilo pengo kubwa zaidi la filamu. Linaharibu hata hoja yake yenyewe. Kama jambo linaloelezwa ni jinsi mtaa mzima unavyosukumwa ukutani, basi nusu ya mtaa haiwezi kuachwa nje ya picha. Kassovitz alichagua kuwa na watu watatu na hakuwaacha hata dakika chache, na uchaguzi huo unampa nguvu kubwa. Lakini gharama yake ndiyo hiyo uliyoitaja.

Ningependa kuongeza jambo kuhusu treni, kwa kuwa umelileta. Jioni wale watatu wanapanda treni kwenda Paris na kushukia mjini kama watu waliofika nchi ya kigeni. Filamu yote ni nyeusi na nyeupe, lakini tazama tofauti ya picha. Wakiwa mtaani kwao, kamera inaonyesha kila kitu kilicho nyuma yao: ghorofa, dirisha, mtoto anayepita. Wakifika Paris, nyuma yao panafifia, kana kwamba mji umekataa kuwa nao. Usiku wanakosa treni ya mwisho pale Saint-Lazare, na kuanzia hapo Paris nzima inakuwa mahali pa kusubiri kukuche. Umbali kati ya nyumbani kwao na mji mkuu haufiki kilomita 40. Kwa mtu mwenye gari ni safari fupi tu. Kwa wao ni kosa la dakika chache linalowaweka barabarani mpaka alfajiri, wakiwa na bastola.

Usafiri si jambo dogo katika historia hii. Clichy-sous-Bois, mji ambao ghasia za mwaka 2005 zilianzia, haukuwa na kituo cha treni ingawa uko karibu kabisa na Paris. Reli ya tramu ilifika huko miaka 14 baadaye, mwishoni mwa mwaka 2019.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, kwa kuwa mwaka 2005 umetajwa, tuwataje na wahusika. Tarehe 27 Oktoba 2005, Zyed Benna wa miaka 17 na Bouna Traoré wa miaka 15 walikimbia polisi wakati wa kurudi nyumbani kutoka kucheza mpira, wakajificha ndani ya kituo cha umeme, na umeme ukawaua. Mwenzao mmoja aliungua lakini akapona. Ghasia zilienea nchi nzima kwa takriban wiki 3 na serikali ikatangaza hali ya hatari. Askari wawili walioshtakiwa kwa kutowasaidia waliachiwa huru mwaka 2015. Halafu tarehe 27 Juni 2023 Nahel Merzouk, naye wa miaka 17, akapigwa risasi na askari Nanterre akiwa ndani ya gari, na moto ukawaka upya.

Swali langu kwa mleta mada: kama filamu ilitazamwa na mawaziri na ikapewa tuzo zote hizo, ilisaidia nini? Na je, filamu ya Les Misérables ya mwongozaji Ladj Ly haikuipita? Naona ile inaonyesha vijana wadogo zaidi na hasira kali zaidi. Pia naomba maoni yako kuhusu mwisho wa La Haine, kwa sababu watu hubishana nani alifyatua.

Mleta mada

Ndugu, nianze na mwisho.

Alfajiri wanarudi mtaani. Vinz, ambaye usiku amegundua kuwa hawezi kuua, anampa Hubert bastola na wanaagana. Muda huo huo askari kanzu wanasimamisha gari, wanamkamata Vinz, na mmoja wao anamtisha kwa silaha iliyoelekezwa kichwani. Risasi inatoka. Vinz anaanguka. Hubert anakimbia kurudi, anamwelekezea yule askari bastola, na askari anamwelekezea yake. Kamera inakwenda kwa Saïd, anafumba macho, na mlio unasikika. Hatujui ni wa nani, na mimi naona ni sawa tusijue. Yule aliyeapa kuua amekufa bila kuua, na yule aliyewasihi wenzake waache chuki tangu asubuhi ndiye aliyeshika silaha. Maafa yote yamo katika kubadilishana huko kwa mikono, na jina la aliyewahi kufyatua halingeongeza kitu. Kumbukeni pia kwamba sauti ya Hubert ndiyo inayosimulia mwanzoni kisa cha mtu anayeanguka kutoka ghorofa ya 50 akijiambia kila ghorofa kuwa mpaka hapa mambo ni mazuri. Mwishoni kisa kinarudiwa, ila anayeanguka safari hii ni jamii.

Les Misérables ya mwaka 2019 naiheshimu sana, na naomba tusizishindanishe. Ladj Ly amekulia katika mtaa wa Les Bosquets, Montfermeil, jirani kabisa na Clichy-sous-Bois, na Montfermeil ndiko Victor Hugo alikoiweka nyumba ya wageni ya akina Thénardier katika riwaya ambayo filamu imechukua jina lake. Alianza kuwapiga picha polisi wa mtaani kwao miaka mingi kabla ya kutengeneza filamu ndefu, na mwaka 2008 alirekodi tukio la polisi kumpiga kijana. Ndiyo maana kisa chake kinafuatwa zaidi kutoka ndani ya gari la polisi watatu, na kinageuka pale mtoto mwenye kamera inayoruka anaponasa picha ya mwenzake akipigwa risasi ya mpira usoni. Vijana wa mwaka 1995 walikuwa na bastola waliyoiokota. Wale wa Les Misérables wana ushahidi wa picha, na watu wazima wote, polisi, wakubwa wa mtaa, wenye biashara, wanahangaika kuupata ili waufukie kila mmoja kwa faida yake. Hapo Ly amekwenda mbali kuliko Kassovitz: ameonyesha kuwa watoto wale hawakuachwa na serikali peke yake. Ndiyo maana katika ngazi za ghorofa hasira yao inawaangukia wote.

Kama filamu zilisaidia, sijaona sheria niliyoweza kusema imetokana na onyesho la mawaziri wa Juppé, na miaka 10 baadaye magari yaliwaka mengi kuliko mwanzo. Kassovitz mwenyewe aliirudisha La Haine jukwaani mwaka 2024 kama mchezo wa muziki na dansi, na akauongezea kichwa chenye maana ya kwamba mpaka hapa hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika kwa hakika ni nani anayeshika kamera. Kassovitz aliingia mtaa wa la Noé kama mgeni mwenye nia njema, ilimbidi kuhamia ili aujue. Ly hakuhitaji kuhamia, na mwaka 2018 alifungua huko Montfermeil shule ya filamu isiyolipiwa ada, Kourtrajmé, isiyodai vyeti kwa anayeomba kuingia. Dada wa Bukavu ameuliza wanawake wako wapi. Nadhani jibu litatoka kwa wasichana waliopita katika shule za namna ile, na tayari ningependa kuiona filamu inayoanza na treni ya kwanza ya asubuhi.

Mwenye La Haine yenye tafsiri nzuri ya maandishi atuambie hapa chini inapatikana wapi. Mleta pingamizi, wadogo zako wakishaitazama tena, karibu utueleze walichosema kuhusu Vinz na yule kijana mwenye kichwa kilichonyolewa.